Jalada la Waliomo Ndani

Mimi nina hasira za karibu. Mume wangu husema nikiudhiwa na kijiko nitaisusa sufuria nzima, na sibishi, maana ni kweli. Naanza kwa kukiri hivyo ili mtu asije akanihurumia bure mbele ya safari.

Kazi yangu ni kuchora majalada ya vitabu. Nimeifanya miaka kumi na tisa katika kampuni moja ndogo ya uchapishaji, ghorofa ya kwanza, meza ya dirishani. Chini yetu mitambo inanguruma kutwa, kiasi kwamba kikombe cha chai kisipoangaliwa hujitembelea chenyewe mezani. Ofisini wananiita Bi Jalada. Utaratibu wetu ni huu: mhariri ananiletea mswada, nasoma, nachora, linachapwa jalada moja la majaribio kwenye karatasi nzito, kisha mwandishi anaitwa aje kulitazama. Akiridhika, anatia sahihi nyuma yake, na likishatiwa sahihi halirudi tena juu. Mitambo huanza na majalada, kurasa za ndani hufuata.

Jumatatu moja asubuhi mhariri wetu aliweka mswada mezani kwangu na hakuondoka. Huyu tunamwita Nukta, kwa sababu hakuna mazungumzo ambayo hataki kuyamaliza yeye. Kumwona kasimama kimya kulinitia wasiwasi.

"Tamthilia," alisema. "Inaitwa *Waliomo Ndani*. Kabla hujaifungua, tazama jina la mwandishi."

Nikatazama. Lilikuwa jina la mama yangu.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kila mwisho wa mwaka aliwatungia wanafunzi wake mchezo wa kuigiza, na mimi na mdogo wangu wa kiume tukawa wa kujaribishiwa ndevu za hakimu na mikia ya fisi sebuleni. Nilidhani ameacha utunzi siku aliyoacha chaki. Kumbe ameandika tamthilia nzima, akaibeba mwenyewe hadi ofisini kwangu, akachagua siku ambayo mimi sipo, akamkabidhi mtu mwingine. Hilo peke yake lilinichoma.

"Alisema usiambiwe mpaka tuamue," Nukta alieleza. "Hakutaka upendeleo. Na sisi tumeamua, tunaichapa. Ni nzuri mno. Namtaka Ijumaa saa tatu aje kutia sahihi, Jumatatu majalada yaingie mtamboni. Nimemaliza."

Hapo sina budi kueleza jambo ambalo kwa miaka sita sikumweleza mtu yeyote vizuri, hata mume wangu.

Baba alipofariki, mguu wa Mama ulianza kumsumbua, na mdogo wangu, ambaye anaishi mbali na kwa hiyo ana ushauri mwingi, akasema Mama ahamie kwangu. Nikakubali kwenye simu. Siku haikupangwa. Basi Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi, nikafungua mlango, nikamkuta Mama kizingitini na begi lake. Nyuma yangu mambo yalikuwa hivi: vyumba viwili, watoto wawili wenye tetekuwanga wamepakwa dawa mpaka kwenye kope, mama mkwe aliyekuja kutibiwa amelala kwenye kochi, mume wangu katoka zamu amelala chini. Nikasema, "Mama, leo hapa hapana pa kulala hata paka. Nipe wiki moja."

Alitupa jicho ndani. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akainua begi, akageuka. Hata maji hakunywa.

Baada ya wiki nilimfuata. Nilikuwa nimepata kitanda, nimemhamisha kila mtu. Akaniambia yuko sawa hapo hapo kwake, nisijisumbue. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwangu. Nikimpelekea mahitaji ananishukuru kama anavyomshukuru muuza duka. Tukikutana msibani au harusini anauliza hali ya watoto, nami namjibu, basi. Nilijua maana yake. Mama yangu hakunisamehe, na hakuwa na nia ya kunisamehe, na mimi nilikuwa nimeshajifundisha kuishi hivyo, kama mtu anavyojifundisha kutafuna kwa upande mmoja.

Sasa fikiria nimeufungua mswada huo.

Ni lazima nikiri jambo la pili, hili la kikazi. Nimezoea riwaya. Tamthilia huja kwangu mara chache, na zinapokuja mimi husoma maneno ya wahusika tu. Yale maelekezo ya jukwaani, yaliyopigwa kwa herufi za mlalo, ya nani kasimama wapi na taa iwe ya rangi gani, huyaruka. Najiambia hayo ni ya watu wa jukwaa, mimi ni mtu wa brashi. Nukta ameshanisema kwa hilo mara mbili tatu, nami nimeshamjibu kwamba mbona majalada yanapendeza.

Onyesho la kwanza lilipita salama, mke na mume wakibishana kwa utani. Onyesho la pili likaanza hivi:

SAUTI: Hodi! Hodi humu!
MUME: Nani huyo?
MKE: Nyamaza.
SAUTI: Mwanangu, fungua. Ni mama yako. Nimekuja na begi langu.
MKE: Usijibu. Tafadhali, usijibu.

Niliutupa mswada mezani, kikombe kikaruka. Mtunza vitabu wa chumba cha pili alichungulia akauliza kuna nini, nikamwambia afunge mlango.

Mama kamwaga mchele penye kuku wengi. Aibu yangu itachapwa, itashonwa, itauzwa madukani, wanafunzi wataigawana mistari waisome kwa sauti. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi kilichokuwa kikinila ndicho kilichonizaa. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni uongo. Mimi nilifungua! Nilisimama pale mlangoni na gauni la kupikia, nikamtazama usoni, nikasema kwa adabu. Katika mchezo wake huyu binti hata kufungua hafungui, anajificha na mumewe kama wezi. Ikiwa ameamua kunivua nguo hadharani, si angesema ukweli walau?

Sikusoma zaidi. Nikachukua brashi.

Nilichora siku tatu, kwa hasira, na hasira ina mkono mzuri, hilo nalo niseme. Nilichora mlango wangu mwenyewe. Wa kijani, na mkwaruzo ule wa baiskeli ya mwanangu chini kulia, na kitasa kilicholegea. Mlango umefungwa. Kizingitini, begi la kahawia. Mbele yake mwanamke mzee amesimama, mgongo kwetu, mguu mmoja kaupumzisha. Nilisema moyoni, umetaka kunianika, tuanikane vizuri, kila aliyewahi kufika kwangu aujue mlango. Jalada la majaribio lilipopanda kutoka chini, Nukta alilitazama akakuna kidevu.

"Limechorwa vizuri," alisema. "Lakini una hakika?"

"Hakika ya nini?"

"Umesoma yote?"

"Nimesoma ya kutosha."

Alifungua mdomo, akaona macho yangu, akaufunga. Ni mtu mwenye akili.

Ijumaa saa tatu kasoro Mama alipanda ngazi polepole, akishika ukuta. Alikuwa amevaa vizuri, kama mwalimu siku ya ukaguzi. Nikainuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Ndiyo hivyo, mazungumzo yetu yote yakawa yamekwisha. Nukta akamvutia kiti, akampa chai, akaliweka jalada mbele yake. Mimi nilibaki nimesimama dirishani na mikono nimeifunga kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kwa machozi yake, kwa maneno makali, hata kwa sahihi yake bila neno.

Mama alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, akaligeuza, akaangalia nyuma, akarudi mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa daftari la mtoto mwingine.

"Huu si mlango wako?" aliuliza.

"Ndio."

"Na huyu bibi ni mimi?"

"Wewe unaonaje, Mama?"

Alivua miwani. "Mwanangu, mbona umesimama nje?"

"Nje wapi?"

"Nje. Umechora kutoka nje ya mlango. Mchezo wangu wote umo ndani. Hata jina linasema." Alimgeukia Nukta. "Huyu ameusoma kweli?"

Nukta alianza kukagua soli ya kiatu chake.

"Nimesoma, Mama," nikasema, na sauti ikanipanda. "Nimesoma mama akija na begi na binti asifungue! Miaka sita umeninyamazia, halafu unakuja kuniandikia kitabu! Na uongo juu yake! Mimi nilifungua mlango. Sema lolote, sema sikukupa hata maji, lakini nilifungua!"

Mitambo ya chini yenyewe ilikuwa imesimama, naapa, kwa sababu ilikuwa saa ya chai. Mama alinitazama kwa mdomo wazi. Kisha akauchukua mswada mezani, akalowesha kidole, akafungua onyesho la pili, akanisogezea.

"Soma," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Kwa sauti. Na yale ya mlalo."

Mtu akiwa na miaka arobaini na minne bado ana miaka saba mbele ya sauti hiyo. Nikasoma.

"*Jukwaa zima ni chumba kimoja. Ni miaka arobaini na minne iliyopita. Kitanda, jiko lisilo na moto, cherehani iliyofunikwa kwa shuka. Hakuna kiti. Mlango uko nyuma kabisa, umefungwa. Anayebisha hodi haonekani hata mara moja. Watazamaji wamo ndani pamoja na wenye chumba.*"

Nikakatiza kusoma. Cherehani ile naijua, mpaka leo iko kwa Mama.

"Endelea," alisema.

"*Mke ana miaka ishirini na mitatu. Amembeba mtoto wao wa kwanza, wa kike, wa miezi minane. Mtoto anasikia sauti ya bibi yake, anataka kuita. Mke anamfunika mdomo kwa kiganja.*"

Nilikaa chini. Kwa bahati kulikuwa na kiti.

Mtoto wao wa kwanza, wa kike. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Mama. Nilisoma mistari ile tena kimya, kisha mara ya tatu, na kila nilipoirudia binti yule aliyejificha alizidi kutokuwa mimi.

Nukta alisema anaenda kutazama kama maji ya chai yamechemka. Chai ilikuwa mezani, inafuka. Lakini alikwenda, na mazungumzo kwa mara ya kwanza hakuyamaliza yeye.

"Baba yako alikuwa ameachishwa kazi," Mama alisema. Alikuwa akiitazama meza. "Siku ya pili hiyo tunakunywa uji mtupu. Na mimi nilikuwa nimemwandikia mama yangu barua kwamba tunaishi vizuri, tuna sebule, tuna viti vinne. Niliandika hata rangi ya mapazia. Sasa yuko mlangoni. Ningemkaribisha akae wapi? Nikaona aibu, mwanangu. Nikasema moyoni, asinione hivi. Akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye nikamsikia jirani anamuuliza, mama, vipi, hawapo? Akamjibu, 'Wametoka, vijana wana shughuli nyingi, nitarudi siku nyingine.' Alinitetea kwa watu. Na mimi nimo ndani, nimekuziba mdomo."

"Akarudi?"

"Hakurudi. Alifariki kabla ya mwaka kuisha. Sikupata kumwambia."

Nilimsogezea chai yake.

"Halafu siku ile kwako," Mama aliendelea. "Mimi nilipiga hodi moja tu, ukafungua. Nikaona watoto na madoa yao, mama mkwe wako kwenye kochi, mumeo chini anakoroma. Hukuficha kitu. Ulinionyesha nyumba yako kama ilivyo, ukaniambia ukweli, hapana nafasi, nipe wiki. Nikasema moyoni, huyu amenishinda. Nilipogeuka nilikuwa nimeshikwa na aibu. Hasira sikuwa nayo hata chembe."

"Mbona hukusema, Mama? Mbona hukurudi hata siku moja?"

"Ningekuja kukaa kwako nikala chakula chako, na hilo liko moyoni? Nilijiambia sistahili kufunguliwa mlango nilioufungia—" Akajirekebisha, mwalimu ni mwalimu. "Niliomfungia mwingine. Ningelisema la kwako, ingenibidi niseme na la kwangu. Na mimi maneno mazito nimezoea kuwapa watoto wa darasa la sita wayaseme."

Nikacheka. Ilinitoka tu, kicheko na machozi kwa pamoja, kamasi pia, sifichi. Miaka sita nilikuwa nimebeba kesi ambayo hakuna aliyeifungua. Sikuwa nimechukiwa. Mama yangu hakuwa akinihesabia. Nilihisi mabega yanashuka, yakashuka tena, kana kwamba yalikuwa yameinuliwa muda wote huo na mimi sikujua. Nilisema waziwazi, "Mama, nimefarijika, hujui tu," naye akasema, "Na mimi je? Nilidhani ukisoma utaniona mnyama."

"Miaka sita, Mama!"

"Miaka sita. Na wewe mwenye mdomo kama pilipili, mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utasema ndiyo, nimekukasirikia."

"Haya," alisema. "Tumefanana. Si ajabu."

Nukta aliporudi alikuta jalada lile la majaribio limekwisha kuchanwa vipande viwili, nami natafuta karatasi safi. Nikamuuliza nina muda mpaka saa ngapi. Akasema Jumatatu mitambo haimsubiri mtu, nikitaka nifanye leo leo, nukta. Kisha akaongeza, kwa heshima, kwamba mara nyingine nisiruke ya mlalo. Nilistahili. Hasira hasara, na mimi ilinigharimu siku tatu za rangi na mlango mzuri wa kijani.

Nilichora kwa penseli, Mama ameketi kando yangu. Safari hii nilisimama ndani. Chumba kitupu, cherehani chini ya shuka, jiko baridi. Mbele kabisa, mgongo kwa ukuta, mke kijana na mtoto kifuani, macho yake yako mlangoni. Mume nilimweka kitandani, nusu gizani. Mlango niliuweka mbali, ukiwa mdogo, na chini yake nikaacha mwanya wa mwanga, na katika mwanga huo vivuli viwili vya miguu. Basi. Bibi haonekani. Lakini ukitazama jalada huangalii kitu kingine ila ile miguu, na unajikuta na wewe umebana pumzi usisikike.

"Hapo sasa," Mama alisema taratibu. "Hapo ndipo nilipokuwa."

Kasoro ilikuwa mkono. Kile kiganja juu ya mdomo wa mtoto kilinishinda. Nilikichora nikakifuta mara nne. Kila mara kilikaa vibaya, vidole vikali, mtoto kama katekwa.

"Umemchora jambazi huyo," Mama alisema.

"Basi niambie ulikuwaje."

"Haielezeki." Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana. "Geuka huku."

Nikageuka. Aliinua mkono wake wa kulia, akaniwekea kiganja mdomoni, mimi mtu mzima mwenye mvi, mbele ya dirisha, mbele ya Nukta na mtunza vitabu aliyekuwa amechungulia tena.

"Hivi," alisema. "Sikubana. Unaona? Pua niliiacha wazi, uwe unapumua."

Kiganja kilikuwa kikavu na cha moto kidogo. Nikapumua. Penseli ilikuwa mkononi mwangu na sikuchora chochote kwa muda, na Mama naye hakuuondoa mkono.